Fahamu: Mikoko inavyohama bahari inapopanda

Mti hauna miguu, lakini msitu unaweza kuhama. Mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki inalazimika kufanya hivyo, kwa kuwa joto la dunia linapandisha kina cha bahari. Inajiokoaje?

Kwanza, inajijengea ardhi. Mizizi yake iliyo juu ya tope hupunguza kasi ya maji, kwa hiyo tope na majani makavu hutulia na sakafu ya msitu huinuka kidogo kidogo. Ila uwezo huo una kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulionyesha kuwa bahari ikipanda zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, mikoko hushindwa kwenda nayo sambamba. Wastani wa dunia sasa umeshapita milimita 4.

Pili, inarudi nyuma. Mbegu za mkoko huchipua zikiwa bado juu ya mti mama. Zikidondoka, huelea mpaka zipate tope la kushika. Miti ya upande wa bahari ikifa, miche huota upande wa nchi kavu.

Shida ni kwamba huko nyuma mara nyingi pameshajaa. Katika delta ya Rufiji, Tanzania, sehemu za mikoko zimefyekwa kulimwa mpunga. Kwingine kuna nyumba, barabara au mashamba ya chumvi. Msitu ukibanwa mbele na nyuma, unapungua, na mazalia ya samaki, kaa na kamba yanapungua nao.

Mvua kubwa nazo ni tatizo. Wakati wa El Niño ya 1997-98, mafuriko yalishusha tope jingi mno kwenye mkondo wa Mwache, karibu na Mombasa. Lilifukia mizizi ya kupumulia na miti mingi ikafa. Yaani tope lile lile linaloinua msitu, likizidi linauua.

Huko Gazi, Kenya, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na unaouza hewa ya ukaa. Mapato huenda kwenye maji na shule.

Kwa hiyo kupanda miche peke yake hakutoshi. Mikoko inahitaji pia nafasi ya kurudi nyuma, na nafasi hiyo huachwa kabla watu hawajajenga au kulima.