Chembe za sumaku na nuru: Zinavyotengenezwa, zinavyoweza kusaidia kupima malaria

Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliugua homa akiwa Kwihara, jirani na Tabora, kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wakati huo chanzo cha malaria hakikujulikana. Vimelea vyake viligunduliwa mwaka 1880 na daktari Mfaransa, Alphonse Laveran.

Ugonjwa huo bado haujaihama njia ya misafara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tabora iliongoza nchini kwa maambukizi miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa takriban asilimia 23.

Leo zahanati huutambua kwa tone la damu na dakika zipatazo 20. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka ni mkusanyiko wa chembe za dhahabu zenye upana wa makumi ya nanomita, zilizovishwa kingamwili zinazonasa protini ya vimelea. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Hata hivyo, vimelea vikiwa vichache mno, mstari huo huweza usionekane na mgonjwa akarudi nyumbani bila dawa. Ndiyo maana wanasayansi wanatengeneza chembe zenye sifa mbili: kuvutwa na sumaku na kutoa nuru.

Kwanza, chumvi za aina mbili za chuma huyeyushwa katika maji na kutiwa amonia, nazo chembe nyeusi za oksidi ya chuma hujitenga. Zikiwa na upana wa nanomita 10 hivi, hupoteza usumaku mara sumaku inapoondolewa, hivyo hazigandamani. Kisha hufunikwa kwa silika yenye rangi inayong'aa inapomulikwa. Tabaka hilo huitenga rangi na chuma, ambacho kingefifisha nuru yake. Mwisho huvishwa kingamwili.

Zikichanganywa na damu, chembe hizo hunasa protini inayotafutwa. Sumaku huzikusanya mahali pamoja, na nuru yake hupimwa.

Tayari maabara hutumia chembe za sumaku kutenga vinasaba vya virusi. Lakini upimaji wa nuru huhitaji taa maalumu, kifaa cha kuisoma na umeme. Pasipo hayo, zahanati ya kijijini itaendelea kuutegemea mstari mwekundu wa dhahabu.