Ndama wa Ndovu Waliopoteza Mama: Jinsi Wanavyookolewa na Kurejeshwa Mwituni

Ndovu hubeba mimba kwa takriban miezi 22, na ndama wake hutegemea maziwa katika miaka miwili ya mwanzo. Kwa hivyo, jangili anapomuua ndovu anayenyonyesha, huhatarisha uhai wa wawili. Ukame, visima vilivyo wazi na migogoro na binadamu pia huwaacha ndama bila mama.

Nchini Kenya, shughuli za uokoaji husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likishirikiana na wadau wengine. Hatua ya kwanza ni kubaini iwapo kundi la ndama lingali karibu, kwani kumrejesha kwa mama yake ndilo suluhisho bora. Kundi lisipopatikana, ndama hupelekwa kwenye kituo cha malezi.

Wakfu wa Sheldrick, unaoendesha kituo katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ulianzishwa mwaka wa 1977 kwa kumbukumbu ya David Sheldrick, mhifadhi wa kwanza wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Mjane wake, Daphne, alibaini kuwa ndama wachanga hawahimili mafuta ya maziwa ya ng'ombe, akaandaa mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Katika Kaunti ya Samburu, kituo cha Reteti, kilichofunguliwa mwaka wa 2016 na kinachomilikiwa na jamii, hutumia maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kutoka kwa wanawake wafugaji.

Walezi wa Sheldrick hulala na ndama usiku, wakipokezana zamu ili ndama asimzoee mtu mmoja pekee. Wanapokua, ndama huhamishiwa vituo vya nje ya Nairobi, vikiwemo vya Tsavo, ambako hujiunga na ndovu wa mwituni hatua kwa hatua. Safari hiyo huchukua miaka kadhaa.

Ujangili ulipunguza ndovu wa Kenya hadi takriban 16,000 mwaka wa 1989, mwaka ambao Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliongeza adhabu, ikiwemo kifungo cha maisha. Sensa ya mwaka wa 2021 ilihesabu ndovu 36,280.

Mwananchi anayemwona ndama akiwa peke yake anashauriwa asimkaribie wala kumpa maziwa ya ng'ombe, bali aarifu mara moja ofisi ya KWS au chifu aliye karibu.