Kisimani, Kua, Chole, Kilindoni: Miji Minne Iliyoitawala Mafia

Mafia ni kisiwa kidogo, lakini mji wake mkuu umehama mara tatu katika kipindi cha takriban miaka elfu moja. Kila ulipohama, bahari ilikuwa na mkono wake: ama imeumega mji, ama imemleta adui, ama kina chake hakikutosha meli za zama mpya. Anayeshuka leo kwenye gati ya Kilindoni akiona soko, ofisi za wilaya na majahazi yaliyokaa mchangani wakati wa maji kupwa, anauona mji wa nne katika msururu huo.

Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 50 hivi na upana wa 15 hivi, na kinaitazama delta ya Rufiji iliyo umbali wa kilomita 20 tu. Upande wa magharibi maji ni ya matope yanayoletwa na mto. Mashariki ni miamba ya matumbawe na Bahari ya Hindi yenyewe. Kusini mashariki iko Ghuba ya Chole, iliyokingwa na visiwa vya Juani, Chole na Jibondo, mahali ambapo chombo cha tanga hupata utulivu hata kusi ikivuma. Miji yote minne ilichagua upande mmojawapo kati ya hizi mbili za bahari, na kila uchaguzi ulikuwa na gharama yake.

Kisimani ulisimama kwenye ncha ya magharibi, Ras Kisimani, katika njia ya vyombo vilivyopita kati ya Kilwa na miji ya kaskazini. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Sultani Ali bin al-Hasan alimpeleka mwanawe kuitawala Mafia, na sarafu za Kilwa zilizookotwa kisiwani zinathibitisha kwamba uhusiano huo ulikuwa wa kweli. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alichimba hapo katika miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya mji ilikwisha kuliwa na mawimbi, na vigae vya vyungu vya kale vimetapakaa ufukweni.

Mpinzani wake alikuwa Kua, ng'ambo ya pili, kisiwani Juani. Wazee wa Mafia wana kisa chao juu ya miji hii miwili. Watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishua. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa, wakafungwa na kulazwa mchangani badala ya magogo, na jahazi likaburutwa juu yao hadi majini. Kua walinyamaza kimya miaka mingi. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawaketisha katika chumba cha chini ya ardhi, na karamu ilipopamba moto mlango ukazibwa kwa mawe. Sikichukui kisa hiki kama ripoti ya tukio. Nakichukua kama kumbukumbu ya uhasama wa kweli kati ya miji miwili iliyogombea biashara ya kisiwa kimoja, na ndiyo maana kimedumu vinywani mwa watu wakati majina ya masultani wengi yamesahaulika.

Kua ulishamiri hasa katika karne ya 18. Magofu yake bado yanasimama msituni: jumba la mtawala, misikiti kadhaa, makaburi, nyumba za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa. Ukisogea karibu na ukuta uliobomoka unaona jinsi fundi alivyofanya kazi. Matumbawe laini, yaliyochongeka kwa urahisi, aliyaweka penye milango na mihrabu. Mawe magumu yasiyo na umbo aliyajaza katikati ya ukuta kwa udongo na chokaa. Sasa mizizi ya miti imepenya kwenye viungo hivyo na inatenganisha jiwe na jiwe.

Mwisho wa Kua ulitoka baharini. Katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mji, wakaua na kuchukua watu wengi utumwani. Seyyid Said wa Zanzibar alituma jeshi kuwafuata, lakini mji haukuinuka tena.

Utawala ukahamia Chole, kisiwa kidogo kilicho jirani kabisa na Juani. Huko waliishi mabwana wa mashamba wenye asili ya Oman, huku minazi yao ikiwa kwenye kisiwa kikuu. Historia ya Chole ikisimuliwa bila watumwa waliopanda na kuangua minazi hiyo, itakuwa nusu historia. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilipogawana maeneo, Mafia iliangukia upande wa Wajerumani, na Sultani wa Zanzibar akalipwa marki milioni 4 kwa pwani yake yote iliyochukuliwa, Mafia ikiwemo. Wajerumani nao waliweka makao yao Chole, wakajenga boma.

Ila ghuba iliyofaa jahazi haikufaa meli ya moshi. Maji ya Chole yakipwa, mchanga hutokeza kiasi kwamba watu huvuka kwa miguu kwenda Juani. Mwaka 1913 Wajerumani walihamisha makao makuu hadi Kilindoni, upande wa magharibi, penye kina cha kutosha meli kutia nanga.

Hawakuufaidi mji wao mpya. Septemba 1914 manowari yao Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia ili wapate kituo cha kuiwinda. Uwanja wa ndege ukasafishwa kisiwani, na manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikavutwa kutoka Malta. Tarehe 6 Julai zilishindwa. Tarehe 11 Julai marubani kutoka Mafia waliruka juu ya mikoko wakituma ishara za kurekebisha shabaha, na Königsberg ikaishia matopeni. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 na kupigana nayo bara. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa. Mafia iliunganishwa na utawala wa Tanganyika mwaka 1922, na Kilindoni ukabaki mji mkuu.

Tangu hapo Kilindoni umekua kwa mbata, dagaa na kazi za serikali. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilipoanzishwa mwaka 1995, makao yake yaliwekwa Utende, kwenye Ghuba ya Chole. Mgeni hutua uwanja wa ndege wa Kilindoni na moja kwa moja huelekezwa mashariki, takriban kilomita 15, bila kuuona mji. Naona hilo ni kosa. Papa potwe wanaowavutia watalii kati ya Oktoba na Machi huogelea mbele ya Kilindoni hiyohiyo, na wavuvi wa hapo ndio wanaozijua nyendo zao.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Mafia na kwa vyuo vyetu vikuu ni kwamba miti inayobomoa kuta za Kua ikatwe kwa usimamizi wa wataalamu, na kilichosalia Kisimani kipimwe na kupigwa picha sasa, kabla mawimbi hayajakimaliza.