Samaki Mpiganaji wa Siam

Je, msomaji, umepata kumwona samaki mdogo mwenye mapezi marefu, akikaa peke yake katika chombo cha kioo? Asili yake ni vinamasi na mashamba ya mpunga ya Siam, nchi iitwayo leo Thailand. Huko watu walimfuga wapate kumpiganisha na kuchezea fedha. Wakachagua madume wakali, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1849 daktari Theodore Cantor aliandika habari zake, lakini alimdhania kuwa namna tu ya samaki mwingine. Mwaka 1910 mtaalamu Charles Tate Regan wa Uingereza akamtenga, akamwita Betta splendens.

Lakini mtazame mpiganaji huyu nyumbani kwake. Hujenga kiota cha mapovu juu ya maji. Jike akiisha kutaga, dume huokota mayai kwa kinywa, huyatia kiotani, na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Kumbe yule asifiwaye kwa ukali ni baba mwema!

Mwaka 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa. Hata hivyo, waliofugwa wameenea duniani kote, na wasiofugwa wanapungua, kwa kuwa vinamasi vyakaushwa na kuchafuliwa. Basi, ukimfuga, usitie madume wawili pamoja. Wala usidhani kwamba kumtunza huyo mmoja kwatosha, ikiwa maji alikotoka yamekauka.