Herufi f na mstari wa wima: kutoka Venice hadi Kapkatet

Leo tuache mambo ya seva, tuzungumzie herufi moja tu: f. Katika muziki ulioandikwa, f ni kifupi cha forte, Kiitaliano cha "kwa nguvu". Mwenzake ni p, piano, yaani sauti ya chini. Sasa, ikiwa noti inayotakiwa kuimbwa kwa nguvu ndiyo ya kwanza baada ya mstari wa kipimo, ule wa wima unaogawa mapigo, je, programu iiweke f wapi? Swali dogo, lakini f ikiteleza upande wa kushoto wa mstari, kwaya nzima inapaza sauti kabla ya wakati.

Alama hizi ni za kale. Mwaka 1597 huko Venice, Giovanni Gabrieli alichapisha Sonata pian' e forte, moja ya kazi za kwanza kuchapishwa zikimwambia mpigaji apige kwa nguvu au taratibu. Baadaye wachongaji wa muziki walijiwekea desturi: alama ikae penye noti yake. Kwa waimbaji huwekwa juu ya mistari mitano, kwa sababu chini kuna maneno. Tena, mstari wa kipimo wa kwaya haushuki kutoka sauti moja hadi nyingine, usije ukakata maneno hayo.

Huku kwetu kwenye majani chai, Kericho na Bomet, kama ilivyo Kenya nzima, wanakwaya wengi wamezoea solfa. Mfumo huo ulianzishwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, kisha John Curwen akaueneza katika karne ya 19. Noti ni herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga mapigo, na mstari wa wima hufungua kipimo. Wamisionari waliupenda kwa sababu herufi za kawaida za mashine ya kuchapia zilitosha.

Hapo ndipo penye mtego. Katika solfa f ni fa, na m ni mi. Ukiandika mf ndani ya safu ya noti, mwimbaji ataimba noti mbili! Dawa ilikuwa kuziweka alama za nguvu juu ya safu, kwa herufi za mlazo. Yaani mahali pa herufi ndipo penye maana yake.

Sasa mtu akipanga solfa kwenye tarakilishi kwa kubonyeza nafasi nyinginyingi, kisha akabadilisha aina ya herufi, kila kitu kinahama. Tarakilishi haikujua kwamba ile f ni ya noti ipi. Kwayo ilikuwa herufi tu.

Programu za muziki zililitatua jambo hili kwa kuifunga alama kwenye wakati au noti yake. Finale ilitoka 1988, Sibelius 1993, LilyPond ikaanza 1996 na MuseScore 2002. Katika LilyPond, ambayo ni programu huria, unaandika c4\f, na f inaifuata noti yake popote iendapo. Hata ile alama ya pembe ndefu inayoonyesha sauti ikipanda ina kanuni yake: ikiwa inaishia kwenye noti ya kwanza ya kipimo kinachofuata, LilyPond huikomesha kwenye mstari, isiuvuke. Usipopenda, unabadilisha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, ukiwemo "Chemirocha", jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Mwaka 2014 nakala za rekodi zake zilirudishwa kwa wenyewe. Ukitaka kuuandika wimbo kama huo, programu nyingi hukuuliza kwanza kipimo chake, kana kwamba waimbaji walihesabu mistari! Mstari huo ni uamuzi wako wewe mwandishi. Kesho mzee anayeujua wimbo anaweza kukuambia mwanzo wake uko pengine. Ikiwa alama zako zimefungwa kwenye noti, utahamisha mistari bila kupoteza pale sauti inapopanda. Ikiwa zimepangwa kwa macho tu, utaanza upya.

Mwisho, jambo la haraka. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba Finale haitaendelezwa tena. Mwalimu wa kwaya mwenye mafaili yake humo ayatoe kwa MusicXML mapema, wakati programu bado inafunguka. Lakini akague. Katika MusicXML alama za nguvu mara nyingi huandikwa kama maelekezo ndani ya kipimo, kando ya noti, si ndani yake. Kwa hiyo aanze kukagua pale pale penye mistari ya wima. Makosa hupenda kukaa mpakani.