Bibi wa Gondokoro

Kutoka Gurei, viungani mwa Juba, ukivuka Mto Naili kwenda ng'ambo ya mashariki utafika Gondokoro. Hapo, Februari 1863, Samuel Baker aliwalaki Speke na Grant, waliotoka pwani na watu wao, akiwamo Sidi Mubarak Bombay. Baker alikuwa safarini pamoja na Florence.

Florence alikuwa yatima wa Transylvania. Yasimuliwa kwamba Baker alimnunua mnadani mwaka 1859 huko Vidin, mji uliokuwa chini ya dola ya Waturuki. Walilifikia Ziwa Albert mwaka 1864, na ndoa wakaifunga London mnamo Novemba 1865. Hata hivyo, Malkia Victoria hakukubali kumpokea.

Sisi walimu tumezoea kufundisha suria, hawara na mke kana kwamba ni maneno yenye mipaka isiyovukika. Je, Florence tumweke wapi? Huenda mtu akaiita ndoa yao sitara ya aibu tu. Sisi twaona kwamba unyumba ulitangulia, cheti kikafuata: alirudi naye Gondokoro mwaka 1871, wakaishi pamoja hadi Baker alipofariki mwaka 1893. Lakini tusisahau kuwaambia wanafunzi wetu kwamba anayenunuliwa haulizwi ridhaa yake.