Rovu la Idjwi
Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni, lilichunguzwa sana kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, Kongo, kuanzia miaka ya 1960. Madini joto, ambayo upungufu wake husababisha rovu, yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini wenye rovu walikuwa wengi zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Watafiti, akiwemo Mbelgiji François Delange, waliugeukia muhogo kutafuta sababu ya tofauti hiyo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha hubaki na sianidi. Mwili huigeuza kuwa thayosianati, nayo huizuia tezi kufyonza madini joto. Tezi hutanuka ikijaribu kufidia. Muhogo wenyewe usilaumiwe kupita kiasi: kwa anayepata madini joto ya kutosha, athari hiyo kwa kawaida haionekani.